Kati ya Magharibi na Isha: namna ya kukiona kituo cha angani kikipita juu ya nyumba yako

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilimtumia Baba Asha, jirani yangu hapa Tanga, ujumbe wa simu: “Kesho 7:32 toka nje, tazama kusini-magharibi, utaona kituo cha angani kinapita.” Nilikuwa na maana ya saa moja na dakika thelathini na mbili usiku, nilinakili tu kama simu ilivyoandika. Yeye akasoma saba. Akatandika mkeka uani usiku wa manane, akalala chali, akaona vimondo viwili na popo wasiohesabika. Asubuhi tukakutana dukani. Akanitazama kwa huruma. “Mwalimu, jana ulikula nini?”

Tangu siku ile siwaandikii watu saa za simu. Naandika: baada ya Magharibi, kabla ya Isha. Mwanzoni ilikuwa njia ya kukwepa aibu nyingine, lakini nilipokaa na kalamu na karatasi nikaona kumbe hiyo ndiyo kanuni yenyewe, tena karibu kwa dakika.

Usikeshe

Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hakina taa ya kutumulikia sisi. Tunachokiona ni jua linalopiga kwenye mwili wake na kwenye paneli zake za sola, kama bati jipya la nyumba ya mbali linavyomeremeta. Kwa hiyo mambo mawili lazima yakutane: huku chini kwako giza liwe limeshaingia, na kule juu kiliko jua liwe bado linakifikia.

Aliyewahi kukaa Moshi analijua hili bila kufundishwa. Jua likishazama mjini, theluji ya Kibo hubaki na wekundu dakika kadhaa zaidi, kwa sababu kilele huchelewa kuachwa na jua. Kibo ina mita 5,895 tu. Kituo kiko zaidi ya kilomita 400 juu, kwa hiyo chenyewe huachwa na jua zaidi ya saa nzima baada yetu.

Hesabu iko hivi. Kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kila saa. Likifika nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, dakika 25 hivi baada ya adhana ya Magharibi, giza linatosha kuona kitu king'aavu. Ratiba nyingi za sala huhesabu Isha kuwa imeingia jua likiwa nyuzi 18 chini, yaani saa moja na robo hivi baada ya kuzama. Na kituo kikiwa utosini kwako, humezwa na kivuli cha dunia jua likifika nyuzi 20. Kati ya 18 na 20 ni dakika nane. Ndiyo maana nasema Magharibi na Isha: muadhini anakupa mwanzo na mwisho, wewe unaongeza dakika 25 za mwanzo anga lipoe.

Alfajiri mambo hugeuka. Unaanza na adhana ya Alfajiri, unaacha dakika 25 kabla jua halijachomoza.

Saa sita usiku, jua liko upande wa pili wa dunia na kituo kinapita gizani kama sisi tulivyo gizani. Kinaweza kukupitia utosini, na watu saba ndani yake, usione hata cheche.

Kanuni hii ni ya huku kwetu. Walioko Uingereza au Uholanzi wasiifuate mwezi wa sita: kule jua la kiangazi halizami chini sana, na kituo huonekana hata usiku wa manane, mara nne au tano kwa usiku mmoja. Wa Muscat na Dubai wanaweza kuitumia wakiongeza dakika chache.

Hatua ya kwanza: iambie simu uko wapi

Ratiba ya kupita hupatikana bure. Tovuti ninayoitumia zaidi ni Heavens-Above, ambayo ina programu ya simu za Android pia. NASA nao wana programu yao iitwayo Spot the Station. Yoyote itakufaa, mradi uifanyie mambo mawili kabla hujaiamini.

Weka mahali ulipo. Ukitumia tovuti bila kuweka mahali, unaweza kupewa ratiba ya nukta ya sifuri kwa sifuri, ambayo iko baharini kwenye Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana. Mimi niliwahi kuwatoa nje wanafunzi thelathini na mbili kusubiri chombo ambacho kwa wakati huo kilikuwa kinaonwa na samaki wa Atlantiki. Huna haja ya kutaja mtaa. Jina la mji linatosha, kwa kuwa kilomita kumi hazibadilishi kitu. Lakini usitumie ratiba ya Dar ukiwa Tanga, maana kilomita mia mbili zinaweza kukishusha kituo mbali na utosi.

Weka na saa za eneo lako. Tanzania, Kenya na Uganda ni UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ni +2, Kinshasa +1, Oman +4. Ukikosea hapa umekosea saa nzima, na kituo huonekana dakika sita tu kikikaa sana.

Ratiba usiipakue ya mwezi mzima ukaibandika ukutani. Kituo husukumwa juu mara kwa mara kwa injini ili kisishuke, na kila kikisukumwa dakika hubadilika. Itazame tena siku yenyewe, mchana.

Hatua ya pili: soma mstari mmoja tu

Jedwali la kupita huwatisha watu kwa namba zake. Chukua mstari kama huu:

Mwanzo 19:32:10, nyuzi 10, SW. Juu kabisa 19:35:25, nyuzi 62, SE. Mwisho 19:36:40, nyuzi 34, ENE. Mwangaza −3.4.

Saa kwanza. Kuanzia 19 kwenda juu, toa 18: 19:32 ni saa moja na dakika thelathini na mbili usiku. Za alfajiri ongeza sita: 05:10 ni saa kumi na moja na dakika kumi. Ukimwandikia mtu, mwandikie kwa maneno. Baba Asha atakueleza kwa nini.

Herufi ni pande za dunia kwa Kiingereza: N kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi. SW ni kusini-magharibi. ENE ni mashariki iliyoelemea kidogo kaskazini.

Nyuzi ni kimo kutoka upeo wa macho: sifuri ni pale bahari inapokutana na anga, tisini ni utosini. Mimi siwaiti watu nje kwa kitu kinachofika chini ya nyuzi 30, kwa sababu kitapita nyuma ya minazi na nguzo za umeme na nitaonekana mwongo kwa mara ya tatu. Kuanzia 50 kwenda juu, ita hata majirani.

Mwangaza huhesabiwa kinyume na unavyotarajia: namba ikiwa ndogo zaidi, kitu kinang'aa zaidi. Nyota za kawaida ziko kwenye 1 na 2. Mushtara, yaani sayari ya Jupiter, huwa kwenye −2 na kitu. Kwa hiyo −3.4 inaipita Mushtara, na inaikaribia Zuhura.

Sasa tazama mwisho: nyuzi 34. Kwa nini mwisho uwe katikati ya anga, wakati mwanzo ni nyuzi 10? Hapo ndipo kinapoingia kivulini. Iwekee alama sehemu hiyo, tutairudia, kwa maana ndiyo tamu kuliko zote.

Hatua ya tatu: pima anga kwa ngumi

Nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi, funga jicho moja. Upana wa ngumi hiyo angani ni nyuzi kumi hivi. Panga ngumi juu ya ngumi kutoka upeo wa macho: tatu ni nyuzi thelathini, sita ni sitini, tisa zinakufikisha utosini. Mtoto ana ngumi ndogo lakini na mkono wake ni mfupi, hivyo hesabu inakubali kwake pia.

Pande za dunia zinahitaji uangalifu kuliko ngumi. Dira ya simu huchanganyikiwa ukiwa karibu na bati, nondo au gari. Huku pwani tuna dira isiyohitaji chaji: msikiti. Makka iko karibu kaskazini kamili kutoka Tanga, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, maana zote ziko karibu na longitudo ileile. Kile kibla kinachotokeza nyuma ya ukuta wa msikiti kinakuonyesha kaskazini kwa kosa la nyuzi chache tu. Kitazame, nyoosha mikono: wa kulia uko mashariki, wa kushoto magharibi. Ukiwa Nairobi kibla huelemea mashariki kidogo, lakini kwa kazi hii bado kinatosha. Kigoma au Bujumbura usikitumie. Huko kimeelemea mno.

Kituo hutoka magharibi kuelekea mashariki siku zote, hata kama kitazimika njiani. Kwetu hukata anga kwa mshazari: ama kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, ama kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Mtu akikuambia kakiona kinatoka mashariki, kaona kitu kingine.

Hatua ya nne: mahali na hali ya hewa

Huhitaji kwenda porini. Taa za mji hufuta nyota ndogo, si hiki. Nimekiona nikiwa Kariakoo, juu ya paa, huku chini muziki unapigwa. Unachohitaji ni uwazi: uwanja wa mpira, ufukwe, paa la zege. Usimame mahali ambapo taa ya barabarani haikupigi usoni. Ukiwa ufukweni gizani, mkumbuke pia mwizi wa simu. Yeye naye anajua watu wanaotazama juu hawatazami mfukoni.

Mawingu ndiyo adui halisi. Masika usijisumbue sana. Pwani, Januari na Februari wakati wa kaskazi kuna jioni safi nyingi. Dodoma na Singida wamebarikiwa kuanzia Juni mpaka Oktoba. Nairobi, Julai ni blanketi la kijivu, ila ukibahatika.

Darubini acha ndani. Kituo kinakwenda zaidi ya kilomita saba na nusu kwa sekunde, na darubini ya nyota huona kipande kidogo mno cha anga; utakuwa bado unaitafuta tundu, chenyewe kimeshapita.

Hatua ya tano: kuwa nje dakika tano kabla

Jioni niliyomlipa Baba Asha deni lake, alikuja na familia nzima, pamoja na mkeka uleule. Asha, mwenye miaka minane, aliniamkia, kisha akauliza kama watu walio ndani ya kituo watamwona yeye. Nikamwambia hapana, lakini wataiona Tanga: vitaa vichache pembeni ya bahari nyeusi.

Tulitazama kusini-magharibi, ngumi moja juu ya mapaa. Saa moja na dakika thelathini na mbili, hakuna kitu. Hii ni kawaida. Nyuzi kumi za chini zimejaa moshi, vumbi na unyevu, na kitu huko bado kiko zaidi ya kilomita elfu moja mbali nawe. Dakika nzima hupita kabla ya macho kukishika. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuanza kusoma simu, na mwanga wa simu ukawapofusha kwa kile walichokuja kukitazama. Zima kioo.

Kisha mama Asha akasema taratibu, “Ile?”

Ilikuwa ile. Nukta ya manjano hafifu, haitikisiki, haipepesi, inapanda. Ukiiona mara ya kwanza, kinachokushangaza si mwanga bali mwendo: haikimbii kama kimondo, haiyumbi kama ndege, inateleza tu kama ngalawa yenye upepo wa nyuma. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyong'aa, kwa sababu inakukaribia. Ilipofika ngumi sita juu kusini-mashariki, ilikuwa nyeupe, kali, kuliko nyota yoyote iliyokuwa juu yetu.

“Mbona hakiungurumi?” Asha akauliza.

Huko juu hewa ni kama hakuna, na sauti haina cha kuipanda. Tena kiko mbali: ni kama kutoka Dar hadi Dodoma, ila kwa kwenda juu. Njia hiyo ya Dar na Dodoma chenyewe huimaliza kabla dakika moja haijatimia, na dunia nzima huizunguka kwa dakika 90 na kidogo. Ule mwanga ni chuma chenye urefu wa mita 109, kama uwanja wa mpira na eneo la pembeni, uzito wa tani 420 hivi. Kipande chake cha kwanza kilirushwa Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijakaa hata siku moja bila watu. Asha hajawahi kuishi siku ambayo binadamu wote walikuwa ardhini. Baba yake alikuwa anaijua dunia hiyo, na hilo ndilo lililomnyamazisha.

Kivuli

Saa moja na dakika thelathini na sita na nusu nikawaambia: sasa msipepese.

Kilikuwa mashariki, ngumi tatu na ushei, anga tupu, hakuna wingu. Mwanga ukaanza kupungua. Weupe ukawa manjano, manjano ikawa rangi ya kaa la moto linalokaribia kuwa jivu, na kwa muda wa kuhesabu kumi polepole hakikuwepo. Hakikuzama popote. Kilizimika palepale mbele ya macho yetu.

Ulichokiona hapo ni ukingo wa kivuli cha dunia. Wewe uliingia kivuli hicho zaidi ya saa moja kabla, ulipoitwa Magharibi. Wao wanaingia sasa, na kwa sekunde zile chache wekundu unaouona ni wa machweo yao: jua linawafikia likiwa limepenya hewa ya ukingo wa dunia. Kwao hii ni machweo moja kati ya kumi na sita ya siku hiyo. Alipokwenda huko Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor, Oktoba 2007, ndani ya mwezi wa Ramadhani, wanazuoni wa Malaysia walilazimika kutoa mwongozo kwa mtu ambaye Magharibi humwingilia kila dakika 90: asali mara tano kwa saa 24, akifuata saa za mahali roketi iliporukia.

Ukipata alfajiri, utayaona haya kinyume. Unatazama giza tupu, kisha nukta nyekundu inajitokeza katikati ya anga kama mtu aliyewasha kiberiti. Hapo lazima uwe na imani na jedwali, maana hakuna cha kukuongoza jicho mpaka kitokee.

Kwa nini wiki nyingine hakuna kitu

Watu wakishakiona mara moja hutoka nje kesho yake na keshokutwa, kisha wananipigia: kimekwenda wapi? Njia ya kituo yenyewe hugeuka polepole kuizunguka dunia, na matokeo yake, kwa wastani, kila siku kinatupitia mapema kuliko jana kwa dakika 24 hivi. Kwa hiyo zile dakika hamsini zetu za kati ya Magharibi na Isha hukipata kwa siku tatu hadi tano, kisha kinahamia mchana na hatukioni.

Mwenye kufuatilia ataona mpangilio. Siku ya kwanza ya msimu kinapita karibu na Isha, chini magharibi, na kuzimika mapema. Siku za katikati ndizo nzuri. Za mwisho kinapita kizima bila kuzimika, lakini anga bado lina mwanga wa jioni. Siku nne tano baadaye huanza zamu ya alfajiri, kwa mshazari wa upande mwingine. Halafu kimya, mpaka jioni zirudi karibu mwezi mmoja tangu zile za kwanza. Mimi huziandika kwenye kalenda ya ukutani kwa penseli, kamwe si kwa kalamu.

Ukiona kitu kingine

Taa zinazomweka, nyekundu au kijani, ni ndege. Kinachopita kwa sekunde moja ni kimondo. Kinachong'aa sana magharibi na hakisogei kabisa ni Zuhura, na mara nyingi ndiyo anayepigiwa picha na kusambazwa kuwa chombo cha ajabu.

Mlolongo wa nukta zilizofuatana kama shanga, ishirini au zaidi, kimya kimya: hizo ni setilaiti za intaneti za Starlink siku chache baada ya kurushwa, kabla hazijapanda na kutawanyika. Kundi la kwanza lilikuwa la setilaiti 60, Mei 2019, na tangu hapo kila zikipita kijijini mtu hutangaza Kiyama. Mwambie atulie.

Kitu kinachopita polepole kikimeguka vipande vyenye mikia ya moto ni takataka za angani zinazorudi. Nyingi huishia kuwa jivu, si zote: tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Ukikuta chuma cha namna hiyo shambani usikiguse, ita polisi. Mwenye vyuma chakavu asubiri.

Ukishakizoea kituo, tafuta vingine kwenye jedwali lilelile. Kituo cha China, Tiangong, kilichokamilika mwishoni mwa 2022, ni kidogo kuliko hiki lakini huonekana bila taabu. Darubini ya Hubble, iliyorushwa Aprili 1990, ni zawadi ya watu wa ikweta: njia yake haitoki nje ya nyuzi 28.5 kaskazini na kusini, kwa hiyo mtu wa London haioni kabisa, sisi hutupitia juu kabisa, kutoka magharibi kwenda mashariki, ikiwa na mwanga wa nyota ya kawaida.

Setilaiti za kwetu wenyewe usizitafute kwa macho. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyoachiwa kutoka ndani ya kituo hikihiki Mei 2018 ilikuwa mchemraba wa sentimita kumi, na Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023, haizidi sana mkate mrefu. Hata Sputnik ya 1957 ilikuwa mpira wa sentimita 58, na wengi walioapa wameiona waliona mwili wa roketi iliyoibeba.

Hata hivyo pwani yetu si ngeni katika kazi hii. Setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Na kabla ya hapo, Tunguu kule Unguja palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962 alizungumza nacho kwa redio akipita. Kilifungwa 1964 baada ya Mapinduzi.

Picha kwa simu

Egemeza simu kwenye tofali au weka ndani ya kikombe, kamera ikitazama njia itakayopitwa. Ingia kwenye sehemu ya kurekebisha kamera kwa mkono, acha lenzi wazi sekunde kumi, ISO 200 hadi 400 ukiwa mjini, fokasi iwe mbali kabisa. Tumia kihesabu cha sekunde tatu ili kidole kisitikise. Kituo kitatoka kama mstari. Piga tatu nne mfululizo, kisha weka simu chini ukitazame kwa macho. Mara ya kwanza mimi nilipiga picha mpaka mwisho na nikajikuta sijakiona.

Siku hizi Baba Asha ndiye anayenitangulia. Juzi alinitumia ujumbe, wote kwa maneno, bila namba hata moja: “Mwalimu, kesho baada ya Magharibi, ngumi mbili tu, nyuma ya minazi ya msikitini. Mimi sitoki. Ya keshokutwa ndiyo yenyewe.”